Muulize Mwalimu Doto: Kloni ni mtoto wa nani?

Katika toleo lililopita nilieleza kwa kifupi habari za Dolly, yule kondoo wa Uskoti aliyezaliwa bila baba. Barua zilizofuata ni nyingi na nzito. Nimechagua tatu. Ya mwisho nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika anatunga hadithi, na hadithi yake imegusa jambo ninaloishi nalo tangu nilipozaliwa.

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu, Muleba. Ulisema kloni ni kiumbe mwenye vinasaba, yaani maagizo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli, vilevile vya kiumbe mwingine mmoja. Kama iliwezekana kwa kondoo mwaka 1996, mbona mpaka leo hatujaona mtu? Au wapo, wamefichwa?

Marahaba, mwanangu. Wewe wa Muleba umekula kloni tangu ulipoachishwa ziwa. Mgomba wa bibi yako haukuota kutoka kwenye mbegu. Ni chipukizi lililong'olewa shinani mwa mgomba mwingine, na huo mwingine vivyo hivyo, kurudi nyuma hadi kwa wakulima tusiowajua hata majina. Vinasaba ni vilevile, na ndiyo sababu mojawapo ugonjwa ukiingia shambani huweza kufyeka shamba zima.

Mmea hufanya hivyo bila shida. Mnyama ni habari nyingine. Seli ya kiwele cha kondoo imeshashika kazi ya kiwele. Jeni nyingi zilizomo zimefungwa, na kuirudisha iwe tayari kuanza mwili mzima upya ni kazi ngumu. Wataalamu wa Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, walichukua seli za kiwele cha kondoo wa miaka 6. Wakachukua mayai ya kondoo wengine, wakayatoa kiini, ile sehemu ya seli inayobeba vinasaba, wakaunganisha yai na seli kwa umeme. Walifanya hivyo kwa mayai 277. Vilivyofikia kuwa viinitete, yaani mimba changa kabisa, vya kupandikizwa ni 29, na aliyezaliwa hai ni mmoja tu, Dolly, tarehe 5 Julai 1996.

Kwa jamaa zetu wa karibu zaidi, kazi ilichukua miaka mingine zaidi ya 20. Mwanzoni mwa 2018 wanasayansi wa Shanghai, China, walitangaza kuzaliwa kwa tumbili wawili, Zhong Zhong na Hua Hua. Viinitete 79 viliwekwa kwa majike 21, zikashika mimba 6, wakapatikana watoto 2. Na hao walitokana na seli za kijusi. Walipojaribu seli za tumbili mzima, watoto wawili walizaliwa na wote wakafa mapema.

Sasa weka mwanamke mahali pa jike la tumbili. Hesabu mimba zitakazoharibika. Hesabu watoto watakaozaliwa na kufa mikononi mwa wauguzi ili apatikane mmoja. Mimi sihitaji sababu nyingine ya kukataa, ingawa zipo.

Kuhusu kufichwa: Desemba 2002 kampuni moja yenye uhusiano na kundi la kidini ilitangaza kuwa mtoto wa kike aliyenakiliwa amezaliwa. Haikuonyesha mtoto, haikuonyesha kipimo chochote, mpaka leo. Huko Korea Kusini, mwanasayansi Hwang Woo-suk alidai amepata seli kutoka kwenye viinitete vya binadamu alivyovinakili. Ikagundulika ametunga matokeo, na mwaka 2006 makala zake zikaondolewa. Mwaka 2013 wanasayansi wa Oregon, Marekani, ndio waliofaulu kweli jambo hilo, lakini viinitete vile vilikuwa vya kutolea seli maabara, havikuwekwa tumboni mwa mtu. Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko la kupinga unakili wa binadamu Machi 2005: nchi 84 zilikubali, 34 zikapinga, 37 hazikuegemea upande wowote. Ni tamko, si sheria, nami naona hilo ni pungufu.

Mwalimu, binti yangu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 7. Nina nguo zake, na nywele zake zilizobaki kwenye kitana. Tangu nisome habari za Dolly usingizi umenipotea. Je, kwa nywele hizi, hata kama ni nchi za nje, hata kama ni baada ya miaka mingi? Usinicheke. Mama, Moshi.

Pole sana, mwenzangu. Hakuna mwenye moyo anayeweza kucheka barua yako.

Jibu ni hapana. Nalisema waziwazi ili asije mtu akakuchukulia fedha. Unywele uliokatika hauna seli hai. Wataalamu wanaweza kusoma vinasaba vilivyomo, lakini kusoma vinasaba hakutoshi kuanzisha uhai. Inatakiwa seli nzima iliyo hai, au iliyogandishwa ikiwa bado hai. Kondoo aliyetoa seli za Dolly alikuwa ameshakufa Dolly alipozaliwa. Tofauti ni kwamba seli zake zilikuwa zimehifadhiwa kwenye baridi kali maabara. Hata kampuni za Marekani na Korea zinazonakili mbwa na paka kwa malipo hudai nyama mbichi ya mnyama, si manyoya. Mtu akikupigia simu akasema nywele zinatosha, ni mwizi. Kata simu.

Na lingine nakwambia kwa upole. Hata ingewezekana, angezaliwa mdogo wake. Angekuja mchanga, hakujui, hajui mchezo wenu wala jina mlilokuwa mkiitana mkiwa wawili. Pengine hata sura ingekushangaza. Desemba 2001, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimnakili paka mwenye madoa ya rangi ya chungwa, meusi na meupe. Paka mdogo aliyezaliwa, waliyempa jina CC, hakuwa na chungwa hata kidogo. Rangi za paka wa namna ile huamuliwa kwa bahati, ndani ya seli, akiwa bado tumboni, na bahati hairudiwi.

Hukutaja jina la binti yako, wala sikuulizi hapa. Lakini ukitaka kuniandikia habari zake, alivyokuwa, alichopenda kula, alichokuwa akiogopa, niandikie. Nitasoma yote. Si ya kuchapishwa. Na kama usingizi haurudi, nenda hospitali ya wilaya ukawaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Kukosa usingizi kwa muda mrefu kunatibiwa, hata kama chanzo chake ni huzuni.

Shikamoo Mwalimu Doto. Nina miaka 22, naishi Pangani. Natunga hadithi fupi ya kisayansi. Hamisi ni nahodha wa jahazi. Chombo chake kinazama akielekea Pemba. Mke wake, Mwanaidi, na baba yake Hamisi wanampelekea daktari wa Dar es Salaam damu ya Hamisi iliyokuwa imehifadhiwa hospitali. Baada ya miezi mitatu daktari anawarudishia Hamisi, umri uleule, anakumbuka kila kitu, hata deni la tanga jipya. Mwaka unapita, kisha Hamisi wa kwanza anarudi. Alikuwa hai, kisiwani. Wanaume wawili, mlango mmoja. Naomba kujua: kloni atakumbuka? Alama za vidole zitafanana? Na Hamisi wa kweli ni yupi? Nimefikiria mmoja amuue mwenzake ili hadithi iishe.

Marahaba, mwanangu. Wanaume wawili, mlango mmoja: hapo umepata hadithi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nami nina hakika hadithi iliyomo ni kubwa kuliko unayotaka kuandika.

Nianze na damu. Chembe nyekundu za damu yetu hazina kiini, kwa hiyo hazina cha kunakili. Chembe nyeupe zinacho. Daktari wako atumie hizo, na damu iwe imegandishwa kwa utaratibu, si kuachwa tu ndani ya chupa. Hilo ni rahisi kurekebisha.

Miezi mitatu ndiyo shida. Hakuna mashine inayokuza mtu. Kloni huanza kama ulivyoanza wewe, kiinitete kisichoonekana kwa macho, na lazima kikae tumboni mwa mwanamke miezi tisa. Huzaliwa analia, hana meno. Utaniambia hii ni hadithi ya kubuni na una ruhusa ya kubuni. Unayo. Ila hapa ukweli umekupa kitu kizuri zaidi ya ulichobuni, na mtunzi asikikatae.

Kumbukumbu je? Deni la tanga haliko kwenye damu. Kumbukumbu hujengwa ndani ya ubongo kwa kuishi, kwa kuona na kurudia, na ubongo wa Hamisi ulizama naye. Mtoto wako atazaliwa hajui bahari. Anaweza kurithi mkono mwepesi au kichwa cha hesabu, lakini jina la kila fungu la mchanga kati ya Pangani na Pemba atalazimika kufundishwa kama mwingine yeyote.

Alama za vidole hazitafanana. Nalijua hili kwa vitabu, na nalijua kwa mwili wangu.

Mimi ni Msukuma wa Magu. Kwetu mapacha wakizaliwa, anayetangulia huitwa Kulwa, anayefuata ni Doto. Mimi na dada yangu tulikuwa wa yai moja lililogawanyika. Kloni kwa hakika ni hivyo tu: pacha wa kufanana aliyechelewa kuzaliwa. Na sisi tulikuwa karibu zaidi kuliko kloni na chanzo chake, maana tulikaa tumbo moja, tukanyonya ziwa moja, tukaugua surua pamoja. Hata hivyo Kulwa alishika jembe kwa mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Yeye alipenda watu. Aliuza dagaa na sangara wa kukaanga sokoni, akajenga nyumba. Mimi nilipenda vitabu, nikafundisha biolojia mpaka kustaafu. Yeye alipata shinikizo la damu, mimi sinalo. Tulipokwenda pamoja kuandikishwa kitambulisho cha taifa, binti wa kwenye mashine alitutazama akahangaika, lakini mashine haikuhangaika. Mistari ya vidole huchorwa tumboni, miezi ya mwanzo mwanzo, kwa kufuata jinsi kijusi kilivyolala, kinavyobanwa na kinavyojigusa. Vinasaba vinatoa mpango, tumbo linamalizia. Kwa hiyo hata kwenye ofisi ya serikali, watu wako wawili watakuwa wawili.

Kulwa alifariki. Alikuwa analea mjukuu wake wa miaka minne. Nilipofika msibani, mtoto alinikimbilia, akanikumbatia miguu, akaniita bibi kwa furaha ya kuniona nimerudi. Wanawake waliokuwa wakipika walinyamaza wote. Nikamnyanyua, nikamwambia mimi ni bibi Doto. Akanishika sikio, pale Kulwa alipokuwa na kovu la moto, hakulikuta. Akaanza kulia upya. Uso wangu ulikuwa uleule aliouzoea, na haukumsaidia chochote.

Baada ya msiba shangazi yetu mmoja alikuwa akinisihi nicheke, kwa kuwa nikicheka anamsikia Kulwa. Nilicheka kwa kumhurumia. Akaniomba tena siku nyingine, na nyingine. Nilimpenda sana shangazi yule, lakini ilifika mahali nikawa siendi kwake, kwa sababu kila nilipoingia mlangoni mimi sikuwa nimefika. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye kazi na jina langu, na bado yalinilemea. Mtoto wa hadithi yako ataombwa hivyo kila siku, tangu anapojifunza kutembea. Baba yake Hamisi atataka aimbe kama Hamisi. Majirani watamtafuta Hamisi machoni mwake. Hapo ndipo penye hadithi, mwanangu. Maabara ya daktari ifanye iwe aya moja tu.

Sasa fikiria: nani atabeba mimba? Mwanaidi. Yai litoke kwake, litolewe kiini, kiingizwe cha Hamisi. Mwanaidi atambeba miezi tisa na kumzaa. Lakini ukiuliza vinasaba, wazazi wa mtoto huyu ni baba na mama yake Hamisi, na yeye ni ndugu wa Hamisi wa yai moja. Mwanaidi atakuwa amemzaa shemeji yake. Mzee atakuwa amempakata mjukuu ambaye kwa damu ni mwanawe. Kuna kitu kidogo atakachokuwa amekirithi kwa Mwanaidi, jeni chache zilizomo kwenye mitokondria za yai, vile vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, 37 tu, mbele ya jeni elfu ishirini hivi za kiini. Hizo 37 Hamisi hanazo. Alipata za mama yake. Kwa hiyo hata kwenye vinasaba mtoto huyu si nakala kamili.

Wewe wa Pangani unajua kuliko mimi uzito wa nasaba: nani anamrithi nani, nani hawezi kumuoa nani, aliyenyonya ziwa moja na mwingine amekuwa nduguye. Kur'ani katika Sura ya Al-Mujadila inasema mama za watu ni wale waliowazaa, kwa hiyo sheikh wa kijiji ndani ya hadithi yako anaweza kumwambia Mwanaidi bila kusita: huyu ni mwanao. Ataulizwa, na baba yake ni nani? Hapo atanyamaza muda mrefu. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jeddah mwaka 1997, miezi michache tu baada ya Dolly kutangazwa, ilikataza kumnakili binadamu, na kuvurugika kwa nasaba kulikuwa miongoni mwa yaliyowatia wasiwasi. Mpe sheikh wako kurasa mbili. Usimfanye mtu mkali asiyejua kitu. Mfanye mtu anayempenda mtoto na anayehangaika na kitabu usiku.

Halafu kuna mzee, baba yake Hamisi. Huyo nakupa kisa cha kweli kitakachokusaidia kumjua. Huko Texas mfugaji mmoja alikuwa na fahali aliyeitwa Chance, mpole kiasi kwamba watu walipiga picha wakiwa wamemkalia mgongoni. Chuo kile kile kilichomnakili paka kilitumia seli za Chance, na mwaka 1999 akazaliwa ndama waliyemwita Second Chance. Mfugaji aliamini rafiki yake amerudi. Ndama alipokuwa fahali alimshambulia, na si mara moja, akamjeruhi vibaya. Yule mtu alimsamehe, kwa kuwa hakuacha kumwona Chance ndani yake. Mzee wako ni mtu wa namna hiyo. Atampeleka mtoto ufukweni amfundishe kushika usukani, mtoto ataogopa maji, na mzee atakasirika kama aliyeibiwa. Andika siku hiyo kwa utulivu, usiharakishe.

Hamisi arudi lini? Si baada ya mwaka. Arudi mtoto ana miaka sita au saba, ameota meno mapya. Unahitaji sababu nzuri ya kukaa mbali kiasi hicho; kisiwa hakitoshi, maana bahari yetu ina wavuvi kila mahali. Jela ya nchi ya mbali itafaa, au ugonjwa na aibu ya watu waliokufa chomboni mwake. Kisha awepo mlangoni. Mtoto ndiye afungue. Mmoja anaona uso wake ulivyokuwa, mwingine anaona uso wake utakavyokuwa, na hakuna aliyefundishwa salamu ya kumpa mwenzake. Ni wanaume wawili na mlango mmoja, kama ulivyotaka, ila mmoja anafika kiunoni mwa mwingine.

Nani amuue nani hapo? Kifo ulichokipanga kinasema nafasi ilikuwa moja, kwa hiyo mmoja alizidi. Zamani jamii nyingi zilifikiri hivyo kuhusu watu kama mimi na Kulwa, na watoto waliteseka kwa fikra hiyo. Sitaki uirudishe, hata kwenye hadithi, kwa sababu tu umekosa mwisho. Waache wote waishi. Hamisi ataona wivu kwa mtoto aliyelelewa na mke wake kwa sura yake. Mwanaidi atagundua kwamba amempenda mtoto huyu kwa ajili yake mwenyewe tangu zamani, pengine tangu siku ile ya ufukweni alipomwona anaogopa, maana Hamisi hakuwahi kuogopa.

Umeuliza Hamisi wa kweli ni yupi. Ni yule aliyeoa, aliyekopa tanga, aliyezamisha chombo. Deni ni lake, mke ni wake kama mke bado anamtaka. Yule mwingine si Hamisi wa uongo. Si Hamisi kabisa. Katika barua yako nzima umemwita kwa jina la mwenzake, na nadhani ndiyo maana ulipofika mwisho hukujua umfanye nini. Pwani na bara tunawapa watoto majina ya babu zetu, mtoto anaitwa babu hata kabla hajatambaa, lakini hakuna anayemdai madeni ya babu wala kumtaka akumbuke harusi yake. Nyumba ya Mwanaidi imeshindwa hilo. Wamempa mtoto jina la Hamisi na wakamdai Hamisi mwenyewe.

Kazi yako ya kwanza, basi, kabla hujagusa daktari wala jahazi, ni kumtafutia jina. Nani anampa, na ukurasa wa ngapi, utajua mwenyewe. Mimi ningemwachia mama yake. Kurasa kumi zinatosha kwa yote haya. Ukimaliza nitumie kwa njia hiyo hiyo uliyotumia, na jina la mtoto liandike juu kabisa, kabla ya lako.